Mchuzi wa Mgonjwa Asiyeumwa

Nyumbani kwa wakwe wa Mama Mdogo,
Chumba cha uani.
Jumapili, 14 Desemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limekupa nafasi ya kukanyaga cherehani bila kuguna. Najua huu ndio msimu wa sare za shule, wazazi wote wanagundua kwa pamoja kwamba watoto wamekua, na kila mmoja anataka yake iishe kwanza. Tafadhali usijiumize kwa ajili yao. Paka wako je, bado analala juu ya vitambaa vya wateja? Msalimie, ingawa hakunipenda.

Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, Mama Mdogo anaendelea kupata nguvu baada ya kujifungua, na mtoto ni mzima, ana nywele nyingi na sauti ya mtu anayedai haki yake. Baba yake anamwita Bosi, kwa sababu sote tunafanya kazi kwake na hakuna anayeruhusiwa kulala.

Mimi pia ni mzima. Nasema hivyo mapema kwa sababu huenda umeshasikia kutoka kwa Baba kwamba ninaumwa. Siumwi. Sijaumwa hata siku moja tangu tuondoke nyumbani. Nimechoka tu, na katika kuchoka huku sikuona mtu mwingine wa kumwandikia ila wewe.

Nianze na safari. Nilikuwa naogopa mpaka, nikadhani huko ndiko kwenye kazi ngumu. Kumbe mpakani waligonga mihuri wakatuacha. Kazi ngumu ilikuwa chakula. Unajua jinsi nilivyokaa kwako likizo ile nikala unachokula wewe, mboga tupu, na niliporudi nyumbani nyama haikupita tena kooni. Nyumbani wamezoea. Kaka ananitania kwamba nitaota masikio ya sungura, Baba anagawa kipande changu bila kuniuliza, na maisha yanaendelea. Lakini njiani hakuna anayekujua. Kila basi liliposimama nilishuka na swali lile lile, kwa sauti yangu hii ambayo wewe husema inatoka kama inaomba radhi, na kila mahali nilijibiwa kwa furaha kwamba chakula kisicho na nyama kipo kingi tu, kuna kuku.

"Kuku ni nyama," nilimwambia mwuzaji mmoja.

"Nani kakudanganya?" akauliza, kisha akamwita mwenzake aje anione.

Mahali pengine nilipewa wali na maharage, nikafurahi sana, mpaka kijiko kilipogonga mfupa chini. Nilirudisha sahani. Yule mama akauchomoa mfupa kwa vidole, akautosa tena ndani ya sufuria, akanirudishia sahani ile ile. "Haya, sasa hayana," akasema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni ndefu na mimi nilikuwa na aibu, basi nikala wali wa pembeni ambako mchuzi haukufika. Palikuwa pia na mkahawa wenye picha za vyakula ukutani, na picha moja ilikuwa ya mboga tupu, za rangi zote, zinapendeza. Nilimwonyesha mhudumu. Akaitazama kama anaiona kwa mara ya kwanza, akaniambia kwamba ile ni picha.

Baada ya hapo niliishi kwa mkate, ndizi na mayai ya kuchemsha. Nimekula mayai mengi kiasi kwamba kuku wa hapa uani wakinitazama nageuza uso.

Lakini kilichonichosha si njaa, Shangazi. Ni kujieleza. Watu wanataka sababu iliyo kubwa kama hasara wanayoona unaipata. Ni dini? Hapana. Daktari kakukataza? Hapana. Basi ni nini? Ukisema huli tu, wanabaki wakikungoja uendelee, na mimi nikitazamwa na watu zaidi ya wawili maneno yote niliyowahi kusoma yananikimbia. Mwishowe Mama, ambaye naye alikuwa amechoka na miguu imemvimba, akaanza kunijibia. "Anaumwa tumbo," akawa anasema. Hapo mambo yakawa laini. Mgonjwa haulizwi maswali. Anaulizwa kama anataka chai. Bibi mmoja ndani ya basi alinipisha dirishani nipate hewa, akanipepea kwa kofia yake mpaka nikasinzia.

Tatizo ni kwamba Mama aliuvusha ugonjwa ule mpakani, akaingia nao ndani ya nyumba ya watu.

Nyumba hii ni ya mama mkwe wa Mama Mdogo. Wote wanamwita Bibi, nami namwita hivyo hivyo. Ni mwanamke mrefu, hana maneno mengi, na kabla ya kustaafu alikuwa mpishi wa hospitali. Kiswahili chake alikipata huko jikoni, kwa hiyo ni Kiswahili cha kuamuru. Kaa. Kula. Lete bakuli. Siku tuliyofika alikuwa ametupikia tangu asubuhi, na juu ya meza ile kubwa sikuona chombo kimoja ambacho hakikuwa na nyama. Hata mchicha ulikuwa nayo. Nilifungua mdomo niseme. Mama akanifinya paja chini ya meza.

"Utusamehe, mama," akamwambia Bibi, "mtoto huyu anaumwa tumbo tangu njiani."

Baadaye, tulipokuwa peke yetu, alinieleza. "Hapa ni ukweni kwa mdogo wangu. Ukweni hakuna sitaki. Tayari wanasema ukoo wetu unajisikia. Unataka waongeze kwamba tumekuja na binti anayechagua vyakula? Umwa siku mbili tatu, halafu tutajua la kufanya." Mama Mdogo naye aliambiwa, akanyamaza. Yeye ndiye mkwe wa nyumba, angesemaje? Niliwaelewa wote wawili. Mpaka sasa nawaelewa.

Ila kumwambia mpishi wa hospitali kwamba umemletea mgonjwa ni kumrudisha kazini. Bibi alinishika paji la uso, akanitazama ulimi, akakunja mikono ya gauni lake, akaingia jikoni. Kuanzia siku ile nikawa napikiwa mchuzi wa mifupa. Unachemka polepole tangu alfajiri, anaengua mafuta, anaurudisha motoni, kisha anauchuja kwa kitambaa mpaka unaweza kuona maua yaliyochorwa chini ya bakuli. Sijawahi kuona mtu akipika kwa makini namna ile kitu nisichoweza kukila.

Pamoja na mchuzi ikaja sheria. Mgonjwa na mtoto mchanga hawakai pamoja. Nikahamishiwa chumba hiki cha uani, kijiko na kikombe changu vikafungwa uzi ili visichanganywe na vya wengine, na nikaambiwa nisimguse Bosi mpaka nipone.

Hapo ndipo pameniuma. Wewe unajua Mama Mdogo ni nani kwangu. Mama alipokuwa akishinda kiwandani, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni na kunifundisha kusoma kwa kunionyesha maandishi kwenye pakiti za unga. Yeye ndiye aliyeomba nije. Alisema njoo unishikie mtoto, nipate kulala. Nilikuwa nimejiandaa, Shangazi. Niliazima kitabu maktaba ya shule kuhusu watoto wachanga, nikasoma sura nzima ya namna ya kushika kichwa, nikafanya mazoezi na mto mpaka Kaka akaniuliza kama mto umeshaanza kuota meno. Sasa nimefika, namsikia mtoto analia upande wa pili wa ukuta, namsikia Mama Mdogo anamwimbia huku sauti yake imeisha, na mimi nimekaa kitandani kama jiwe, mzima kabisa.

Utauliza mchuzi ulikwenda wapi. Aliunywa Mama. Bibi alikuwa akileta bakuli mwenyewe na kusimama mlangoni, Mama anamwambia, "Niachie, nitamnywesha mimi," Bibi akigeuka tu, Mama analiinua. Asubuhi, mchana na jioni. Mimi nilikula mkate na nyanya tulizoficha ndani ya sanduku la nguo.

Siku ya tatu Mama alitangaza kwamba nimepona. Bibi alifurahi sana, akanipakulia sahani ya mtu aliyepona. Nadhani hata wewe ungeiona sahani ile ungeugua. Ikabidi nishike tumbo kabla ya kunawa mikono. Na ugonjwa unaorudi, kumbe, ni mbaya kuliko ugonjwa unaoanza. Bibi alikuja mlangoni akanitazama mashavu, akamtazama Mama, akasema, "Bado anakonda," akaenda kuongeza ini. Mama Mdogo ndiye aliyepata nguvu ya kutania. "Dada," alimwambia Mama, "wewe huku kumekupenda, uso unang'aa." Mama hakucheka.

Jumatano Bibi alimwambia Mama kwamba nisipopata nafuu wiki hii, ni bora turudi kwetu. Hakusema kwa ubaya. Alisema chakula chake kimeshindwa, na chumba cha mtoto kiko karibu mno. Mama akaitikia. Nilimngoja Mama aseme neno lingine, akaanza kukunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa.

Basi Alhamisi mchana Mama alikuwa ameenda sokoni na Bibi amekwenda kutafuta mifupa. Baba Mdogo, baba yake Bosi, alikuwa zamu kazini. Mlango wangu ukagongwa, nikamkuta Mama Mdogo amesimama na mtoto analia, na yeye mwenyewe machozi yanamtoka bila kelele, kama mtu ambaye hajui kuwa analia.

"Shika," akaniambia. "Nakuomba, mwanangu. Nioge tu."

Nikamshika. Kitabu hakikusema kwamba ana joto kiasi kile. Alilia kidogo tena, kisha akanyamaza akawa anakodolea kidevu changu. Nilikaa naye kwenye kiti cha ukumbini, na hivyo ndivyo Bibi alivyotukuta.

Kapu lilimponyoka, mifupa ikatawanyika sakafuni. Hakunipigia kelele. Laiti angepiga. Alimchukua mtoto, akamvua shati, akaanza kumfuta mikono na uso kwa maji ya moto, akamfuta tena pale pale alipokwisha kumfuta. Mama Mdogo alitoka bafuni na sabuni masikioni.

"Nimepikia wodi ya watoto," Bibi akamwambia. "Wewe hujui wanavyokwenda haraka. Mimi najua."

Mama Mdogo akanitazama. Sikuona katika macho yake kwamba ananiomba ninyamaze, wala kwamba ananiomba niseme. Alikuwa amechoka tu.

"Bibi," nikasema, "siumwi."

"Wote husema hivyo."

"Kweli siumwi. Sijawahi kuumwa. Ni kwamba sili nyama."

Alisimamisha kitambaa. "Nani kakukataza?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

"Sili tu," nikasema.

Akamfunika mtoto vizuri. Kisha akauliza, "Na mchuzi?"

Sikutaka kujibu. Lakini Mama aliingia wakati huo huo kutoka sokoni, ametua mzigo, na mashavu yake ndiyo hayo, mazuri, yamejaa. Bibi akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Ndiyo maana," akasema. "Nampikia huyu, ananenepa huyu."

Ungekuwa wakati mwingine tungeanguka kwa kicheko. Hakuna aliyecheka. Bibi alikaa kwenye kiti nilichokuwa nimekaa mimi, mtoto kifuani, na akasema maneno ambayo bado nayasikia. "Nilidhani mkono wangu umekwisha. Miaka yote nimepika, watu wakaondoka kitandani. Huyu mmoja haondoki. Nikasema, basi, nimezeeka, hata mchuzi siwezi tena."

Mama alipiga magoti kumwomba radhi. Bibi alimwambia ainuke, kisha akamkabidhi Mama Mdogo mtoto wake, akaanza kuokota mifupa mmoja mmoja. Nilitaka kumsaidia, akaniashiria niache.

Nilidhani nikisema kweli nitajisikia mwepesi. Vitabuni huwa hivyo. Hapa sote tulibaki tumechoka vile vile, ila sasa kila mtu anajua kwa nini. Mchuzi ulikoma. Uzi ulifunguliwa kwenye kikombe. Bibi alipika kama kawaida, akaweka mezani, wala hakunisemesha, nami nikala mkate wangu hadharani, jambo ambalo ni gumu kuliko kuula kwa siri kutoka sandukuni. Mama ananizungumzisha kwa mambo ya kazi peke yake, leta ndoo, anua nguo. Aliniambia mara moja tu kilicho moyoni mwake. "Umenivua nguo ukweni kwa mdogo wangu." Alitudanganyia kwa kutupenda, mimi na mdogo wake, akanywa mchuzi mpaka akauchukia, na mimi ndiye niliyemwaibisha.

Jana mchana Bibi aliniita jikoni, akanipa kisu na kabichi. Nikakata. Akatazama.

"Hiyo si kabichi," akasema, "hayo ni magodoro. Kata nyembamba."

Nikakata nyembamba. Yeye akamenya vitunguu upande wake. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, "Hospitalini walikuwepo wasiokula nyama. Walikuwa na sufuria yao, ndogo, pembeni. Walisema tu."

"Niliogopa," nikamwambia.

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utaona nimekukataa wewe."

"Na mimi niliogopa utanifia humu ndani," akasema. "Pima mwenyewe woga upi mzito."

Aliichukua sufuria ndogo, akaiosha mara mbili ijapokuwa ilikuwa safi, akaweka mafuta mapya, vitunguu, nyanya, kabichi yangu na viazi. Hakuniuliza kama ni kitamu na mimi sikuthubutu kusema. Nilikula chote. Kilikuwa chakula cha kwanza cha moto tangu tuondoke nyumbani ambacho sikukipekua kwa kijiko kabla ya kukila.

Nina ombi moja. Mwandikie Mama. Usinitetee, na tafadhali usitaje mchuzi. Mwandikie kama wifi yake tu, umwulize miguu inaendeleaje, umwambie lolote la kumchekesha. Anakusikiliza zaidi ya anavyokubali. Na Baba akikuuliza habari za ugonjwa wangu, mwambie umekwisha.

Tutakaa hapa mpaka shule zitakapokaribia kufunguliwa, kama ilivyopangwa. Hakuna aliyeniambia hivyo waziwazi. Nimejua leo asubuhi. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni nikingoja kuambiwa nikate nini, Bibi akanielekeza kwa kidevu kwenye bomba. Nikanawa. Akasema nirudie mpaka kwenye viwiko, nikarudia. Akanikalisha kwenye kigoda karibu na ukuta, akaenda akarudi na Bosi, akamweka mapajani pangu na kuusogeza mkono wangu kidogo chini ya kichwa chake. Nilitegemea atasimama hapo kunilinda. Alitutazama mara moja, kisha akatupa mgongo, akaendelea kukoroga sufuria yake. Mama alipita mlangoni na beseni la nguo, akasimama, akatutazama pia, akaenda zake kuanika. Nilikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Katika chumba cha pili Mama Mdogo alikuwa amelala, anakoroma kama msumeno wa fundi, na hakuna aliyemwamsha.

Nisalimie fundi viatu jirani yako na mkewe, na wale wasichana wawili wanaokusaidia kukata vitambaa. Mama Mdogo anakusalimu sana, anasema shati ulilomtumia Bosi litamtosha akianza shule. Mama angekusalimu pia kama angejua ninaandika, kwa hiyo naziweka salamu zake humu kwa niaba yake.

Mungu akulinde, akupe usingizi mtamu na goti lisilolalamika.

Nakupenda na kukukumbuka,
Binti wa kaka yako